Unga wa lishe wa wazee: pakiti ya dukani, mfuko wa mtaani na unga wa kusagisha mwenyewe

Ahadi zinazoandikwa kwenye pakiti za unga wa lishe wa wazee hazitofautiani sana: nguvu za miguu, mifupa imara, hamu ya kula. Baadhi huongeza kwamba unga huo unatibu presha na kisukari. Watoto walio mjini huununua, wakaupakia kwenye basi kwenda kwa mama au baba kijijini, wakiwa na imani kwamba wamemtumia nguvu. Tathmini hii inapima aina tatu za unga huo: pakiti ya kiwandani, mfuko unaochanganywa na muuzaji wa mtaani au sokoni, na unga ambao wewe mwenyewe unachagua nafaka zake na kuzipeleka mashine. Swali kuu ni moja. Bakuli moja la uji huo linampa mzee protini kiasi gani, na je, uji wenyewe ni salama na unalika?

Protini ndiyo inayotangulia kwa sababu misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na misuli ya mapaja ndiyo inayomwinua mtu kitini, chooni na kitandani. Mwili wa mzee hujenga misuli kwa shida zaidi kuliko wa kijana, hata wakila chakula kilekile. Ndiyo maana wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, wakati kwa mtu mzima wa kawaida kiwango cha chini ni gramu 0.8. Bibi wa kilo 60 anahitaji kati ya gramu 60 na 72. Ni vizuri zigawanywe katika milo mitatu, kila mlo uwe na gramu 20 na zaidi kidogo, badala ya chai na andazi asubuhi, uji mchana, kisha nyama yote kurundikwa kwenye chakula cha usiku.

Sasa tuitazame pakiti. Mchanganyiko unaofanana na mingi iliyoko sokoni una mahindi nusu kilo, mchele gramu 150, ulezi gramu 150, mtama gramu 100, soya gramu 50 na karanga gramu 50. Mahindi yana protini gramu 8 hadi 9 katika kila gramu 100, mchele 7, ulezi 7, mtama kama 10. Soya ina 36 na karanga 25. Ukizidisha na kujumlisha, kilo nzima inatoa gramu zisizozidi 107 za protini, yaani kama gramu 10 kwa kila gramu 100 za unga. Kikombe kikubwa cha uji mwepesi hupikwa kwa gramu 40 za unga. Hapo mzee amepata gramu 4. Yai moja lina gramu 6.

Huo ndio upungufu mkubwa wa bidhaa hii. Uji wa namna hiyo ni chakula kizuri cha kuamkia na una nguvu ya wanga, lakini ukimpa mzee badala ya mayai, maharage, samaki au maziwa kwa sababu pakiti imesema una kila kitu, umempunguzia chakula. Wazee wengi huishia hapo: meno yamepungua, nyama inachosha kutafuna, mtu anaona uji wa lishe umetosha asubuhi na jioni. Baada ya miezi kadhaa nguo zinampwaya na watu wanasema ni uzee.

Wingi wa nafaka usikuvutie. Pakiti inayojisifu kwa nafaka saba, tisa au kumi na mbili kwa kawaida imeongeza ngano, shayiri, uwele na mchele wa aina mbili, na zote hizo ni wanga wenye protini kidogo inayokaribiana. Kwenye pakiti nyingine, hasa za Kenya, kuna muhogo, ambao hauna protini ya kuhesabika. Kinachobadilisha bakuli ni kiasi cha mikunde na mbegu za mafuta. Angalia orodha ya viambato: kanuni ya uandishi wa lebo za vyakula inataka kiambato kilicho kingi kwa uzito kitajwe kwanza, kisha vifuatie kwa kupungua. Soya ikiwa ya sita baada ya nafaka tano, jua imo kwa jina tu. Palipo na jedwali la virutubishi, soma safu ya gramu 100 na si ya "mlo mmoja", kwa sababu kila mtengenezaji hujipangia ukubwa wa mlo anavyotaka. Protini chini ya gramu 12 kwa gramu 100 ni unga wa uji wa kawaida, uuzwe kwa bei ya unga wa uji. Kuanzia 15 kwenda juu unaweza kuitwa wa lishe bila kumdanganya mtu.

Kwa upande wa bei, ni rahisi kulinganisha sokoni siku hiyohiyo. Kilo ya unga huo wa protini 10 kwa 100 ina gramu 100 za protini. Trei ya mayai 30 ina gramu kama 180. Kilo ya maharage makavu ina zaidi ya 200, choroko na kunde vivyo hivyo. Kilo ya dagaa wakavu wazuri ina kama 600. Gawanya bei ya kila kimoja kwa namba yake. Hesabu hiyo ikishafanywa, mara nyingi dagaa na maharage vinaongoza kwa mbali, na pakiti yenye picha ya mzee inabaki mwisho.

Pakiti ya kiwandani ina sifa mbili ambazo nyingine hazina: tarehe na mahali pa kulalamika. Tafuta alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au ya KEBS kwa Kenya, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Tarehe ya kutengenezwa ndiyo ya kutazamwa kwanza. Unga wenye soya na karanga una mafuta, na mafuta yaliyosagwa hukutana na hewa kwa wingi na kuanza kuchacha. Kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, unga wa aina hiyo huanza kupoteza ladha ndani ya wiki chache hata kama lebo inaupa mwaka mzima. Mfuko unaoonyesha ndani, uliowekwa dirishani pa duka penye jua, huharibika mapema zaidi. Unga uliochacha una harufu ya rangi ya mafuta au mafuta ya kupikia yaliyorudiwa mara nyingi, na ukiulamba unaacha uchungu unaokwaruza kooni. Usijaribu kuuokoa kwa sukari au hiliki. Pakiti yoyote inayodai kutibu presha, kisukari au maumivu ya viungo irudishwe kwenye rafu; chakula si dawa, na mwenye kuandika hivyo hana sababu ya kuaminiwa kwenye mengine aliyoandika.

Mfuko wa muuzaji wa mtaani una faida ya kusagwa karibuni, na mara nyingi anayeuza ni mama mwenye bidii anayejua wateja wake kwa majina. Tatizo liko kwenye karanga, soya na dagaa, vitu vitatu ambavyo humfanya auze.

Karanga kwanza. Ukungu unaotoa sumukuvu hupenda karanga na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Sumu yenyewe haionekani, haina ladha, na haiondoki kwa kupika. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, wengi wao Makueni na Kitui. Tanzania nayo ilipata mlipuko mwaka 2016 kwenye maeneo ya Dodoma na Manyara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye mahindi ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni. Mnunuzi hana njia ya kupima hilo mezani, lakini ana njia ya kupunguza hatari: karanga nzima unaweza kuzichagua kwa jicho, ukatupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Karanga iliyokwisha kusagwa ndani ya unga huwezi kuichagua. Muuzaji anayetafuta faida hununua chenga, yaani karanga zilizovunjika, kwa kuwa ni za bei ya chini, na humo ndimo mbovu nyingi hujificha. Kwa hiyo unga wa mzee usiwe na karanga ndani yake. Karanga ziongezwe jikoni, zimesagwa nyumbani au zimenunuliwa kama siagi ya karanga kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika.

Soya ina ubaya wa aina nyingine. Ikiwa mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo mtu anakula protini na asiipate. Joto ndilo linaloviharibu. Wauzaji wengi huikaanga juujuu tu, ikapata rangi nje na kubaki mbichi ndani, au huisaga bila kuipitisha kwenye moto kabisa wakitegemea uji utapikwa. Uji wa dakika tano hautoshi. Utaitambua kwa harufu ya maharage mabichi inayobaki hata baada ya kupika, na kwa tumbo kujaa gesi. Mzee anayesema uji wa lishe unamsumbua tumbo asiambiwe avumilie.

Dagaa waliochanganywa kwenye unga huvuta unyevu, hunukisha mfuko mzima na hufupisha maisha yake. Dagaa wa Ziwa Victoria walioanikwa chini huja na mchanga, ambao ukisagwa pamoja na unga hauondoki tena na unakwaruza meno yaliyobaki. Dagaa wa baharini waliochemshwa kwa maji ya chumvi wana chumvi nyingi, na mwenye presha hatakiwi kuzidisha gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai. Dagaa ni chakula bora mno kwa mzee, hasa kwa sababu ya vitamini B12 ambayo nafaka na soya hazina kabisa, ila mahali pake ni kwenye mboga, au kwenye kopo lake peke yake.

Kwa sababu hizo zote, unga wa kusagisha mwenyewe ndio tunaoupendekeza. Mchanganyiko ufuatao una vitu vitatu tu: ulezi gramu 450, uwele gramu 250, soya gramu 300. Ulezi, ambao Wakenya wanauita wimbi, una kalisi kama miligramu 340 kwa gramu 100, nyingi kuliko nafaka nyingine zote tulizozitaja. Uwele una protini kama 11 kwa 100; ukikosekana, mtama unaziba nafasi yake. Jumla inafika gramu 165 na ushei za protini kwa kilo, zaidi ya mara moja na nusu ya pakiti ile ya kwanza.

Soya ndiyo yenye kazi. Ondoa mawe na punje mbovu. Chemsha maji kwanza hadi yatokote, ndipo utie soya, usiiweke kwenye maji baridi ukaipandisha nayo. Maji yanayochemka huua papo hapo kile kinacholeta ile harufu ya maharage mabichi. Iache ichemke dakika 25 hadi 30. Mwaga maji, tia maji baridi, fikicha kwa viganja hadi maganda yatoke na kuelea, yaondoe. Anika juu ya kitambaa safi au turubai, mbali na kuku na vumbi, siku moja hadi mbili, hadi punje ikivunjwa itoe mlio. Kisha ikaange kwa moto mdogo hadi iwe ya kahawia hafifu na inukie vizuri. Ikiwa nyeusi umeunguza sehemu ya protini na uji utakuwa mchungu.

Ulezi una punje ndogo na mchanga hujificha humo. Kupepeta peke yake hakutoshi. Tia kwenye bakuli la maji, zungusha kwa mkono, mimina punje pamoja na maji polepole kwenye chombo kingine, acha kilichozama chini. Rudia mara tatu au nne hadi chini pabaki safi, kisha anika mpaka ukauke kabisa. Ulezi uliosagwa ukiwa na unyevu huota ukungu ndani ya wiki.

Mashineni, kumbuka kwamba unga wa mteja aliyetangulia bado umo ndani. Anza na nusu kilo ya mahindi au mtama ya kusafishia, itengwe kwa matumizi mengine. Omba chekeche laini, ila usikoboe nafaka. Pumba ndizo zenye nyuzinyuzi zinazomsaidia mzee kwenda haja bila shida. Unga ukitoka mashineni ni wa moto. Ukifungwa hivyohivyo, mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko. Utandaze juu ya kitambaa kwa saa moja, pitisha sumaku juu yake kwa sababu nyundo za mashine zikilika huacha vumbi la chuma, halafu weka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mahali penye giza. Sagisha kilo moja kwa mara moja, si debe. Kwa mzee mmoja anayekunywa bakuli moja kwa siku, kilo inatosha karibu wiki tatu, na huo ndio muda wake mzuri.

Kupika bakuli moja: unga gramu 50, ambao ni kama vijiko sita vya chakula vilivyosawazishwa. Ukoroge kwa maji baridi mililita 150 hadi usiwe na madonge. Chemsha maji mililita 250 kwenye sufuria, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, punguza moto, pika dakika 15 hadi 20. Watu wengi hukosea hapa kwa kuepua uji ukishakuwa mzito tu. Mwishoni tia maziwa mililita 250, acha yachemke vizuri dakika tatu ikiwa ni ya kukamua, epua, kisha koroga siagi ya karanga kijiko kimoja cha chakula isiyo na chumvi wala sukari. Unga umetoa gramu 8 za protini, maziwa 8, karanga 4. Hapo bakuli limefika 20 na limeingiza zaidi ya miligramu 300 za kalisi, ambayo sehemu kubwa imetoka kwenye maziwa. Sukari isizidi kijiko kimoja cha chai. Hiliki, mdalasini au pilipili manga, kama ile ya uji wa Ramadhani pwani, vinapunguza haja ya kutia sukari.

Ndimu isitiwe kwenye uji wa maziwa, utakatika. Anayependa uji wenye ukali apike wa maji, atie ukwaju au ubuyu, na maziwa ayanywe saa nyingine. Ukali huo wa matunda pia husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka. Chai ya rangi na kahawa zifuate baada ya saa moja au mbili, kwa kuwa zikinywewa pamoja na uji huyazuia madini hayohayo. Uji wa kuchachua nao ni mzuri: koroga unga na maji, funika, acha usiku mmoja hadi siku nzima, ndipo upike. Kuchacha huko kunapunguza asidi ya fitiki inayoshikilia chuma na zinki.

Kuna mzee ambaye tatizo lake ni kushiba haraka, vijiko vitano tu anasukuma bakuli. Kwake tumia kimea cha ulezi, mbinu ambayo wataalamu wa lishe Tanzania wameieneza kwa miaka mingi kwa ajili ya watoto na inafaa kabisa kwa wazee. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu mpaka uote, anika ukauke, fikicha mizizi itoke, saga. Pika uji mzito kwa gramu 80 za unga badala ya 50. Epua, usubiri upoe kiasi cha kuacha kutokota lakini uwe bado na moto, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji mzito unalegea na kuwa wa kunyweka. Kwa ujazo uleule mzee anapata unga zaidi ya nusu tena. Urudishe motoni uchemke dakika chache ili kuua vijidudu, kwani kimea kilichoota kwenye unyevu si kisafi. Ukikitia uji ukiwa unatokota, hakifanyi kazi, kwa sababu joto hilo linakiua kabla hakijaanza.

Mbinu hiyo ina watu wawili wasiofaa kuitumia. Mwenye kisukari, kwa kuwa kimea hugeuza wanga kuwa sukari kabla haujafika tumboni. Na aliyepata kiharusi au anayekohoa kila anapokunywa maji, kwa kuwa uji mwepesi hupita haraka na unaweza kuingia njia ya hewa. Huyo anahitaji uji mzito, wa kijiko, akiwa ameketi wima, na apelekwe kwa daktari apimwe namna anavyomeza.

Kwa kisukari kwa jumla, uji wowote wa unga laini hupandisha sukari upesi kuliko nafaka nzima au maharage ya kutafuna, hata ule wa ulezi ambao wengi wanaamini hauna madhara. Apime unga kwa kijiko, asizidishe gramu 40, asitie sukari, aongeze yai pembeni, na apime sukari saa mbili baada ya kula ili aone bakuli hilo linamfanyia nini yeye. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini yoyote kabla ya kuzungumza na daktari wake. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, aiache itangulie saa nne kabla ya uji wenye soya. Anayemeza metformini kwa miaka mingi apimwe vitamini B12, kwani dawa hiyo huipunguza, na unga huu hautairudisha.

Tukirudi kwenye ile ahadi ya nguvu za miguu, hakuna unga unaoweza kuitimiza peke yake. Misuli hujengwa inapopewa kazi nzito kuliko iliyoizoea, ndipo protini inapopata pa kwenda. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka dakika 150 hadi 300 kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi. Watu wengi hushika kutembea tu na kuacha mengine mawili, na hayo mawili ndiyo yanayomzuia mtu kuanguka.

Zoezi moja linaloendana na bakuli hili halihitaji kifaa. Chukua kiti cha mbao kisicho na magurudumu, chenye urefu wa sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafuni hadi kalio, kiegemezwe ukutani. Kiti cha plastiki hakifai, miguu yake hutanuka na kuteleza kwenye vigae. Mzee avae viatu vinavyoshika kisigino, si kandambili. Aketi nusu ya mbele ya kiti, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, mikono ikunjwe kifuani, ainamishe kiwiliwili mbele na asimame huku akitoa pumzi, kisha aketi polepole kwa hesabu ya tatu. Mara 8, apumzike dakika moja au mbili, arudie hadi seti tatu, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Asiyeweza kabisa aweke mto mgumu juu ya kalio la kiti ili apunguze kina, au asukume mikono ya kiti. Kosa la kawaida ni kujiangusha kitini. Ule mteremko wa polepole ndio nusu ya kazi. Lingine ni kubana pumzi, jambo linalopandisha presha. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata kwa namna isiyo ya kawaida ni sababu ya kuacha papo hapo na kwenda hospitali.

Kwa mizani ya mwili, asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika ukingo wa meza nzito, sekunde 10 kila mguu, akiongeza taratibu. Ashike kwa viganja viwili, kisha kimoja, kisha vidole.

Njia ya kujua kama uji na mazoezi vinafanya kazi ni saa ya mkononi na mizani ya uzito. Pima muda wa kusimama na kuketi mara tano mfululizo bila kutumia mikono. Zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya misuli dhaifu. Andika namba hiyo pamoja na uzito wa siku hiyo, rudia kila baada ya wiki nne. Kwa bakuli la gramu 20 za protini kila siku, milo mingine ikiwa na yake, na kiti mara mbili au tatu kwa wiki, muda huo unapaswa kupungua ndani ya wiki 8 hadi 12. Usipopungua, chunguza kwanza kama uji umeziba nafasi ya chakula kingine, kisha mpeleke akapimwe damu, sukari, tezi, vitamini B12 na magoti. Akiwa amepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, usisubiri wiki hizo 12.